Kukoroma, kukatika pumzi na hivi vidude vya kuvaa: namna ya kujipima ukiwa Moshi au Arusha

Mama mdogo wangu wa Kibosho alikuwa na msemo wake kuhusu mumewe, "huyu baba yenu anakufa kila usiku halafu anafufuka", na sisi tunacheka, mpaka siku baba mdogo akasinzia kwenye usukani pale Kikatiti mchana kweupe, Fuso ikaacha lami ikaingia majanini, Mungu saidia hapakuwa na mtu wala bodaboda. Hapo ndo nikaanza kuifuatilia hii kitu. Nina mwaka na nusu sasa, vidude nimevaa mwenyewe, nimewavalisha ndugu, na pesa nimepoteza pia, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu aliyeko nyumbani anayejiuliza aanzie wapi.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi: ukilala misuli ya koo inalegea, kwa wengine inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga, kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unakoroma kwa kishindo, unavuta pumzi, unalala tena, na asubuhi hukumbuki kitu. Hewa ikikatika sekunde 10 au zaidi inahesabiwa ni tukio moja. Kitaalamu inaitwa apnia ya usingizi. Kwetu mtu akikurupuka anahema wanasema kakabwa na jinamizi, ila jinamizi ni habari nyingine, kule unakuwa macho na mwili umegoma kusogea, huku wewe mwenyewe hujui lolote, anayejua ni uliyelala naye.

Jambo moja niliweke mapema maana wengi wanajikwaa hapo. Kifaa cha kuvaa kina uwezo wa kukwambia nenda hospitali. Uwezo wa kukwambia usiende hakina. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye saa.

HATUA YA 1: FUTI YA FUNDI CHEREHANI NA SHAHIDI

Usinunue chochote bado. Kuna maswali 8 ambayo madaktari wa nusu kaputi wa Toronto waliyatoa mwaka 2008, yanaitwa STOP-BANG, na yanatumika dunia nzima. Unakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia? Mchana unachoka au unasinzia hovyo? Kuna mtu ameona pumzi yako ikikatika? Una presha? Uzito wako kwa urefu, ile BMI, umevuka 35? Una zaidi ya miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40? Ni mwanaume? Kila ndiyo ni pointi moja. Ukipata 0 mpaka 2 hatari ni ndogo, 3 na 4 ni katikati, 5 kwenda juu usijidanganye. Shingo pima kwa futi ya fundi, usikadirie kwa kola ya shati, baba mdogo alibisha kabisa kwamba yeye "kawaida tu" na futi ikasoma 44. Jumla alipata 6.

Akina mama msijitoe kwa sababu lile swali la mwanaume linawanyima pointi. Kwa wanawake mara nyingi haiji na ngurumo za kukoroma, inakuja na uchovu usioisha, kichwa kuuma asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu, na hatari inapanda baada ya hedhi kukoma. Wengi wanaambiwa ni mawazo.

Halafu tafuta shahidi. Anayelala na wewe aweke simu mezani arekodi video ya dakika kumi, na aipange saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, maana usingizi wa ndoto unakuwa mwingi kuelekea asubuhi na koo hulegea zaidi hapo. Unachotafuta ni koromo, kisha kimya huku tumbo na kifua vinapanda na kushuka, kisha mshtuko kama mtu aliyetolewa majini. Ile video usiifute, itakusaidia kwa daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Kama unalala peke yako rekodi sauti tu, inatosha kuanzia.

HATUA YA 2: JUA VIFAA VYENYEWE VINAPIMA NINI

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopigwa.

Kundi la kwanza ni saa janja. Samsung walipata kibali cha FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, Februari 2024 kwa kipengele cha apnia kwenye Galaxy Watch, Apple wakafuata Septemba 2024. Zinafanya kazi tofauti. Ya Samsung inatumia taa ya chini ya saa kupima oksijeni mkononi, unatakiwa ulale nayo usiku mbili ndani ya siku 10, kila usiku angalau masaa 4, na ni kwa mtu wa miaka 22 kwenda juu. Ya Apple haiangalii oksijeni kabisa kwa kazi hii, inasoma vimitikisiko vidogo vya mkono vinavyotokana na kupumua, inakusanya siku 30 na inahitaji usiku 10 angalau ndani yake, ndo itoe taarifa, na ni kwa watu wa miaka 18 kwenda juu. Zote mbili ni kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana apnia, na zinalenga ile ya katikati na kali, ile nyepesi sio kazi yao.

Sasa sikia hii. Kwenye majaribio ya Apple wenyewe, kati ya watu 100 wenye apnia ya katikati au kali, saa iliwakamata kama 66. Wale 34 waliobaki saa ilikaa kimya na ugonjwa wanao. Upande wa pili, mtu asiye nao ni nadra sana saa kumsingizia. Kwa maana hiyo saa ikipiga kelele iamini, ikikaa kimya usiichukulie kama cheti. Jamaa yangu mmoja wa Sakina alinyamaziwa na saa mwezi mzima akasherehekea, na mkewe huku kila usiku anampiga kiwiko apumue.

Kundi la pili ni oksimita za kurekodi usiku, zipo za pete na zipo za kufunga mkononi zenye waya mfupi wa kwenda kidoleni. Hizi ndo nazipenda kwa mazingira yetu. Zinaandika oksijeni na mapigo ya moyo kila baada ya sekunde chache usiku kucha, asubuhi unatoa ripoti kwenye simu, hazichagui uwe na iPhone au Galaxy, na inazungushwa ndugu watano. Usichanganye na ile oksimita ya kubana kidole ya duka la dawa iliyojaa majumbani tangu korona, ile inakupa namba ya dakika hiyo tu, ukiitoa kidoleni inazima na haikumbuki kitu.

Kundi la tatu ni vifaa vya kidaktari vya kulala navyo nyumbani. Kuna vyenye mkanda wa kifuani, kamba ya puani ya kupima hewa na oksimita pamoja. Kuna WatchPAT, inafungwa mkononi kama saa kubwa na inasoma mishipa midogo ya kidoleni, kila koo linapojifunga na mwili kushtuka mishipa ile inabana, na mashine inahesabu kutokana na huko kubana. Kuna NightOwl, kidude cha ncha ya kidole chenye mbinu hiyo hiyo. Hivi ndivyo daktari anaweza kuvitumia kukupa jina la ugonjwa. Juu yake kuna kulala maabara kabisa na nyaya kichwani, huko wanasoma mpaka mawimbi ya ubongo, na wenye moyo mbovu, mapafu mabovu, waliowahi kupata kiharusi au wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini hawatakiwi kutegemea vipimo vya nyumbani, waanzie huko kwa daktari.

Watoto msiwavalishe saa. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, basi.

HATUA YA 3: KUNUNUA BILA KUPIGWA

Zile saa za elfu 25 zinazotandazwa chini karibu na stendi, zenye maandishi ya oksijeni na presha na hata sukari, nilinunua moja. Niliifunga kwenye kalamu ikasema oksijeni 98. Niliiacha mezani bila mtu ikasema 97 na mapigo 72. Kusema haki hata saa ya maana mara moja moja inadanganywa na kitu kisicho na damu, lakini hii ilikuwa inatoa namba tu za kumfurahisha mteja, ndani hakuna hata sensa (kile kidude cha kupimia, sio ile ya kuhesabu watu).

Kwa hiyo, kama ni saa kubwa, mwambie muuzaji akuwashie kile kipengele cha apnia pale pale dukani na simu YAKO, kwa sababu Apple wanafungua vipengele vya afya kwa nchi na nchi, na Samsung wanataka simu ya Galaxy, ukiwa na simu ya kampuni nyingine utabaki na saa ya kuangalia muda. Kama ni oksimita uliza maswali matatu: inarekodi masaa mangapi kabla betri haijaisha, inaandika kila baada ya sekunde ngapi, na ripoti inatoka kwa PDF au lah. Inayoandika mara moja kila dakika iache, tukio zima linaweza kuanza na kuisha katikati ya vipimo viwili. Nyingi za maana zinaandika kila sekunde 4 au chini yake. Mtumba wa saa kutoka nje sio mbaya, ila angalia betri, ikifa saa nane usiku umelala bure.

HATUA YA 4: USIKU WENYEWE

Chaji mchana, usisubiri jioni, umeme ukikatika saa moja, usiku huo umepotea. Kama pete ina alamu ya kutetemeka oksijeni ikishuka, izime, hii watu hawaijui, inakuamsha kabla tukio halijakomaa na asubuhi namba zinatoka nzuri za uongo.

Vaa mkono usiotumia sana. Saa ikae juu kidogo ya kifundo, ibane bila kuacha alama ya kukata. Rangi ya kucha futa. Hina na hasa piko lililokolea linazuia taa kupita vizuri, dada yangu alitoka harusini mikono yote imechorwa, ripoti ilikuwa na mashimo kama chandarua cha zamani, tukarudia wiki mbili baadaye. Mikono ya baridi nayo ni tatizo, Juni mpaka Agosti Arusha vidole vinakuwa barafu na damu haifiki vizuri kwenye ncha, oga maji ya moto au vaa sweta la mikono mirefu, usilale umetoa mkono nje ya blanketi.

Kuhusu ngozi yetu nyeusi, hili nalo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba oksimita ziliwapita wagonjwa weusi wenye oksijeni ya chini karibu mara tatu zaidi ya weupe, yaani kifaa kinasema 94 na damu ina chini ya 88. Kwa apnia tunachoangalia zaidi ni kupanda na kushuka, sio namba moja iliyosimama, ndo maana bado inatusaidia. Lakini ukiona namba yako imekaa vizuri mno huku dalili zipo, kumbuka hii. Mwenye seli mundu pia usomaji wake unaweza kupotoka, aende moja kwa moja kwa daktari.

Lala usiku usiopungua tano, na lala kama unavyolala siku zote. Usiku mmoja haukwambii kitu, apnia inabadilika na pozi, uchovu, mafua na kinywaji. Weka daftari pembeni uandike mistari miwili asubuhi: nililala saa ngapi, niliamka mara ngapi kukojoa, nilikunywa au sikunywa. Baba mdogo alipima Jumamosi aliyotoka kwenye mbege na Jumanne aliyokunywa chai, na zile ripoti mbili ukiziweka pamoja utadhani ni watu wawili. Pombe inalegeza misuli ya koo zaidi. Alipoziona ndo akaacha ubishi, mimi nilikuwa nimeongea miezi mitatu.

HATUA YA 5: KUSOMA RIPOTI

Achana kwanza na ile alama ya jumla yenye rangi ya kijani na nyota. Tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza mchoro. Apnia inaonekana kama meno ya msumeno, oksijeni inashuka polepole, inarudi juu ghafla, inashuka tena, na kila inaporudi mapigo ya moyo yanaruka. Ukiona mstari umedondoka wima mpaka 60 mara moja tu halafu ukarudi, hiyo pete imeteleza.

Cha pili idadi ya kushuka kwa saa, mara nyingi imeandikwa ODI. Inahesabu mara ambazo oksijeni ilishuka kwa asilimia 3 au 4. Hospitali wao wanatumia AHI, inayohesabu pumzi zilizokatika na zilizopungua kwa kila saa ya usingizi, na kwa mtu mzima chini ya 5 ni kawaida, 5 mpaka 15 nyepesi, 15 mpaka 30 katikati, 30 kwenda juu kali. ODI na AHI ni ndugu, sio mapacha. Mfano wetu: baba mdogo alishuka mara 196 kwa masaa 7, gawanya unapata 28. Ila daftari linasema saa nzima ya kwanza alikuwa macho anasikiliza redio, kwa hiyo alilala masaa 6 tu, gawanya tena inakuwa karibu 33, katoka daraja la katikati kaingia kali kwa hesabu ya kalamu tu. Oksimita haijui uko macho. Na kuna mishtuko ambayo koo linabana, ubongo unaamka mapema kabla oksijeni haijashuka, hiyo pia haiioni. Ndo maana vifaa vya nyumbani mara nyingi vinapunja, havizidishi.

Cha tatu muda uliokaa chini ya 90. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo usishtuke ukiona 95 ukiwa mzima, Moshi iko chini zaidi. Lakini kukaa chini ya 90 kwa nusu saa au zaidi katika usiku mmoja, usisubiri usiku wa pili.

WALE WA MLIMANI

Maguide na wapagazi nawaombeni, msipime mkiwa kazini. Juu ya mita 2,500 hivi mwili wenyewe unaanza kupumua kwa mawimbi, unapumua sana, unaacha, unapumua sana, hata kwa kijana mwenye shingo ya twiga. Pale koo liko wazi, ni ubongo ndo hautumi amri, ni apnia ya aina nyingine kabisa na inatokana na mwinuko. Pale kambi ya Barafu ya Kilimanjaro, kwenye mita 4,673, pete itakuandikia kushuka mara 60 kwa saa na oksijeni ya 70 na kitu, na haina maana ya apnia ya koo. Subiri ushuke, ulale nyumbani wiki moja, ndo upime.

HATUA YA 6: KUPELEKA HOSPITALI

Beba video, ripoti zote za PDF (zitume pia WhatsApp kwako mwenyewe), lile daftari, matokeo ya STOP-BANG na vipimo vya presha vya wiki moja. Presha isiyosikia dawa mbili tatu iseme kwanza kabla ya kukoroma, daktari atakaa sawa kwenye kiti, maana apnia ni moja ya sababu zinazojulikana. Na kama unaendesha gari kwa kazi, sema. Usianze na "saa yangu imesema", sisi tulianza hivyo sehemu moja tukachekwa tukapewa vitamini. Safari ya pili mama mdogo akaweka simu mezani, ile video ikacheza, ukimya ule wa sekunde 40 ukajaa chumbani, na daktari akachukua kalamu.

Kwa Moshi anzia Mawenzi au kituo chako upate rufaa ya KCMC, kwa Arusha Mount Meru au hospitali binafsi unayoiamini, na omba kuonwa na daktari wa magonjwa ya ndani au wa masikio, pua na koo. Kabla hujapanda gari piga simu uulize hivi: mnapima usingizi, kwa kifaa gani, ni cha kwenda nacho nyumbani au nalazwa, majibu anasoma nani, na bima yangu inaingia wapi. Mpokea simu akikwambia "njoo tu", omba uunganishwe na kitengo chenyewe.

WAKATI UNASUBIRI

Lala ubavu. Shona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana, ukigeuka chali unakuamsha, ni ushamba lakini kwa wenye apnia ya kulala chali inafanya kazi. Pombe acha masaa ya jioni. Vidonge vya usingizi usiguse bila daktari. Na usukani, ukisikia kope nzito pale KIA au Boma Ng'ombe paki ulale robo saa, kufungua dirisha na kuongeza muziki hakujawahi kumwamsha mtu mwenye deni la usingizi.

Baba mdogo kipimo cha hospitali kilisoma 35, sasa anatumia CPAP, ile mashine ya kupuliza hewa puani ili koo lisijifunge, ambayo daktari mmoja wa Sydney aliitangaza mwaka 1981. Kama utafika huko nunua na betri ya akiba au inveta ndogo, umeme ukikatika mashine inazima. Wiki ya kwanza aliitupa chini mara tatu. Barakoa ilikuwa kubwa kwake, tukabadilisha saizi, wiki ya nne akalala mpaka saa moja na mama mdogo akaamka usiku mara mbili kumgusa kama yuko hai, kazoea makelele.

Pete yetu iko kwa jirani wa Kibosho Umbwe wiki hii, dereva wa Coaster. Akirudisha naifuta kwa spiriti, naifuta na kumbukumbu zake ili namba zisichanganyike, halafu inakwenda kwa shemeji Ngaramtoni, yeye shingo 42 na bado anabisha.